Safari ya Angani Hupangwa Ardhini

Wazee wetu walipotaka kusafiri kutoka pwani kwenda Tabora na Ujiji, hawakuamka asubuhi moja wakaondoka. Kwanza waliulizana habari za mvua na njaa ya njiani. Kisha walitafuta wapagazi na kiongozi ajuaye visima, wakafunga mizigo ya vitambaa na shanga, wakaweka akiba ya hongo kwa ajili ya watawala ambao msafara ulikuwa hauna budi kupita katika nchi zao. Msafara uliosahau jambo moja katika hayo, aghalabu haukufika.

Leo twataka kunena habari za safari nyingine, iliyokuja baada ya misafara ile: safari ya mtu mwenye eropleni yake mwenyewe, atokaye Ulaya akaja Afrika, au atokaye Afrika akaenda Ulaya. Wengi hudhani ya kuwa mtu wa namna hiyo ni huru kama mwewe. Hupanda, huruka, hushuka apendapo. Tukiitazama historia ya safari hizo twaona sivyo. Tutaona pia ya kuwa mji wa Tabora, uliokuwa makutano ya misafara ya miguu, uliwafundisha warukaji wa kwanza mafundisho makali.

Tuanze na njia yenyewe. Vita Kuu ya kwanza ilipokwisha mwaka 1918, Serikali ya Uingereza ilituma makundi matatu ya wapimaji watafute njia ya eropleni kutoka Cairo mpaka Cape Town. Kundi la kwanza lilishika upande wa Misri na Sudan hata Nimule. La pili likatoka Nimule hata Abercorn, mji ambao leo waitwa Mbala katika nchi ya Zambia. La tatu likashika kusini. Kazi yao ilikuwa kuchagua mahali pa kushukia, maana eropleni za siku zile hazikuweza kwenda mbali pasipo kutua, na injini zao zilikuwa na desturi ya kunyamaza ghafla.

Huenda mtu akauliza, kuchagua kiwanja kuna uzito gani? Tutazame Ndola. Mahali pale palikuwa na msitu na vichuguu vya mchwa virefu kuliko nyumba. Watu 700 walifanya kazi kwa muda wa miezi mitano katika mwaka 1919, wakakata miti, wakang'oa visiki, wakavunja vichuguu na kuchukua udongo wake. Udongo ulioondolewa katika kiwanja kile kimoja ulikadiriwa kuwa tani 25,000. Majina ya marubani waliopita baadaye yameandikwa katika vitabu vingi. Majina ya watu wale 700 hatuyaoni. Lakini bila ya majembe na vikapu vyao hapangekuwa na njia ya angani, kwa kuwa eropleni haiwezi kukaa juu milele.

Njia ilipotangazwa kuwa tayari, watu walishindana kuipita. Januari 1920 gazeti la The Times la London lilituma eropleni kubwa ya Vickers Vimy yenye injini mbili, na ndani yake alikuwamo Dr. Chalmers Mitchell, katibu wa chama cha elimu ya wanyama cha London. Ilipita Misri na Sudan kwa taabu nyingi, ikafika Tabora. Huko, tarehe 27 Februari 1920, ilianguka ilipokuwa ikiondoka, na safari ikaishia hapo. Watu wake walipona.

Mwezi ule ule walikuwa njiani maofisa wawili wa Afrika ya Kusini, Pierre van Ryneveld na Quintin Brand. Eropleni yao ya kwanza ilivunjika karibu na Korosko, katika jangwa la kusini ya Misri. Wakapewa ya pili, nayo ikavunjika Bulawayo tarehe 6 Machi, ilipokuwa ikiondoka. Wakapewa ya tatu, ndogo zaidi, ndiyo iliyowafikisha Cape Town tarehe 20 Machi 1920. Walisifiwa sana, na kila mmoja akatunzwa pauni 5,000. Lakini mwenye akili aliona wazi ya kuwa eropleni mbili kati ya hizo ziliangukia mahali pa namna moja: juu ya nyanda za juu za Afrika, wakati wa kuondoka.

Sababu moja ni hii. Tabora iko kadiri ya futi 3,900 juu ya usawa wa bahari, na Bulawayo iko juu zaidi. Kadiri tupandavyo, hewa hupungua uzito. Na joto likizidi, hewa hutawanyika na kuwa nyepesi zaidi. Bawa la eropleni huegemea hewa kama vile mtumbwi uegemeavyo maji, na injini nayo yavuta hewa ile ile ili kuunguza mafuta. Hewa ikiwa nyepesi, bawa hukosa cha kuegemea na injini hupungukiwa nguvu. Kiwanja cha futi 3,900, joto likiwa digrii 30, ni kwa eropleni kama kiwanja kilicho juu ya futi 6,500. Mbio zilizotosha kuondoka Uingereza hazitoshi hapo. Kwa hiyo rubani mwenye busara huondoka alfajiri, wakati hewa ingali baridi na nzito, au hupunguza mzigo wake. Wapagazi wetu nao walijua kuondoka alfajiri. Sababu yao ilikuwa jua, lakini busara ilikuwa ile ile.

Jambo la pili ni mafuta. Katika miaka ya 1920 petroli ilifika Afrika katika madebe, kila debe galoni nne, nayo yalisafirishwa kwa meli, kwa gari la moshi, kwa mashua za ziwani, na penye mwisho wa njia, kwa vichwa vya watu. Eropleni ndogo ya aina ya Moth, iliyotengenezwa kwa mbao na kitambaa, ilikula debe moja kwa saa, au zaidi kidogo, ikaenda kadiri ya maili 80 kwa saa. Kutoka Kisumu hata Tabora, kwa mstari ulionyooka, ni kadiri ya maili 365. Hesabu yake ni saa nne u nusu na madebe matano, upepo usipokuwa wa mbisho. Basi ilipasa madebe hayo yawe yamekwisha kufika kiwanjani majuma mengi kabla ya rubani, na yalindwe yasiibwe wala yasiingie maji. Rubani naye alipofika aliyachuja mafuta kwa ngozi laini, tone kwa tone, maana maji kidogo tu ndani ya injini yaweza kuinyamazisha juu ya msitu.

Wako waliotafuta njia ya kuepuka taabu ya viwanja. Mswisi mmoja, Walter Mittelholzer, aliondoka Zurich tarehe 7 Desemba 1926 kwa eropleni yenye miguu ya kuelea majini. Alifuata Mto Nile na maziwa yetu makuu, akafika Cape Town tarehe 21 Februari 1927. Ziwa halina visiki wala vichuguu, na halihitaji watu 700 wa kulisafisha. Lakini hata yeye alihitaji petroli imngojee ufukoni, na ruhusa ya kila serikali aliyopita juu ya nchi yake.

Hapo twafika katika jambo la tatu, nalo ndilo zito kuliko yote: ruhusa. Tarehe 13 Oktoba 1919, mataifa yalipatana mjini Paris ya kuwa kila dola ina mamlaka kamili juu ya anga ya nchi yake. Tangu hapo anga ikawa kama ua wa mtu: mgeni hupiga hodi kwanza. Rubani aliyetoka Ulaya alichukua barua za ruhusa, hati ya eropleni yake, cheti chake cha urubani, na hati ya forodha iliyodhaminiwa na chama cha warukaji cha nchi yake, ili eropleni isitozwe ushuru kila mpaka kama bidhaa iliyoletwa kuuzwa.

Nini hutokea ruhusa ikikataliwa? Tutatoa mfano wa mama mmoja. Tarehe 9 Machi 1928 Lady Mary Bailey, mama wa watoto watano, mwenye umri wa miaka 37, aliondoka London peke yake katika Moth ndogo. Nia yake ilikuwa kwenda Cape Town kumwona mumewe, Sir Abe Bailey, tajiri wa migodi. Alivuka Ulaya na Bahari ya Kati, akafika Cairo salama. Huko wakuu wa serikali walimzuia. Walisema mwanamke hawezi kuachwa avuke Sudan ya kusini peke yake. Na miezi michache tu kabla ya hapo, Desemba 1927, afisa mmoja wa serikali alikuwa ameuawa katika nchi ya Wanuer. Eropleni ilikuwa nzima, mafuta yalikuwapo, rubani alikuwa stadi, lakini safari ilisimama kwa ajili ya neno la mtu aliyekaa mezani.

Wakati ule ule mwanamke mwingine, Lady Heath, alikuwa akija kutoka Cape Town kwenda kaskazini katika eropleni yake, naye akapewa sharti lile lile. Ukombozi wao ulitoka kwa Luteni Bentley wa jeshi la hewani la Afrika ya Kusini, ambaye mwaka 1927 alikuwa amekwisha kutoka London hata Cape Town kwa Moth. Alikuwa akisafiri na mkewe. Alimsindikiza Lady Heath katika nchi ile, kisha akageuka akamsindikiza Lady Bailey kwenda kusini. Wanawake wale wawili walionana Khartoum, mmoja akielekea kaskazini na mwingine kusini. Hata tukikubali ya kuwa hatari ilikuwapo, twauliza: je, risasi au injini iliyokufa humchagua mwanamke ikamwacha mwanamume? Marubani wanaume waliipita nchi ile ile, na hawakuambiwa watafute mlezi.

Lady Bailey aliendelea, akafika Tabora tarehe 10 Aprili 1928. Alitua wakati wa joto kali la mchana. Eropleni ikapinduka, ikavunjika isitengenezeke. Mwenyewe akatoka hana jeraha kubwa. Kwa mara ya pili Tabora ilikuwa imeishika eropleni ya mgeni. Lakini tofauti ilikuwa hii: mumewe alikuwa tajiri. Alinunua Moth nyingine huko Afrika ya Kusini, na rubani akaileta mpaka Tabora. Tarehe 30 Aprili Lady Bailey akaingia Cape Town. Ushujaa wake hatuupunguzi hata kidogo, lakini historia ya haki yapasa kusema ya kuwa akiba yake ya safari ilikuwamo mfukoni mwa mumewe. Rubani asiye na akiba ya namna hiyo angaliipanda reli ya Tabora akarudi pwani.

Alipotaka kurudi kwao kwa njia ile ile, alikataliwa tena kupita Sudan peke yake. Safari hii hakungoja msindikizaji. Alikwenda kwa upande wa magharibi, akapita Congo, Nigeria na makoloni ya Ufaransa hata Dakar, akafuata pwani kwenda kaskazini, njia iliyokuwa na viwanja vichache na ramani pungufu. Alifika Croydon tarehe 16 Januari 1929, akiwa amesafiri kwa jumla karibu maili 18,000. Katazo lililokusudiwa kumlinda na hatari lilimsukuma katika njia ngumu kuliko ile ya kwanza. Mwaka 1930 alipewa nishani ya heshima na mfalme wake.

Baada ya hapo safari zilianza kuwa nyepesi. Mwaka 1929 Bibi Florence Kerr Wilson alianzisha Nairobi shirika la eropleni za kukodi, Wilson Airways, pamoja na rubani Tom Campbell Black. Tarehe 28 Februari 1931 shirika la Imperial Airways lilifungua safari za kawaida kutoka London kuelekea Mwanza, na Januari 1932 zikaendelea hata Cape Town. Kila kiwanja kilichotengenezwa kwa ajili ya eropleni za barua kilimfaa pia mwenye eropleni yake mwenyewe, kwa kuwa alikuta mafuta, fundi, habari za hali ya hewa na mtu wa simu. Mwaka 1933 mataifa yalipatana huko The Hague juu ya afya ya wasafiri wa angani, hasa kwa hofu ya homa ya manjano. Eropleni ingaliweza kumchukua mbu katika siku moja kutoka magharibi hata mashariki ya Afrika. Tangu hapo cheti cha daktari kimekuwa miongoni mwa mizigo ya safari. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano, tangu mwaka 2016, chatambuliwa kwa maisha yote ya mwenyewe.

Vita ya pili ilipokaribia kwisha, mataifa 52 yalitia sahihi mkataba huko Chicago tarehe 7 Desemba 1944, nao ungali ndio sheria ya anga ya dunia. Kifungu chake cha 5 chasema ya kuwa eropleni zisizo za safari za ratiba, yaani za watu binafsi na za kukodi, zaweza kupita juu ya nchi iliyoingia katika mkataba na kutua kwa haja ya safari bila ya kuomba ruhusa kwanza. Lakini kifungu hicho hicho chaipa kila nchi haki ya kuamuru eropleni itue, na ya kuagiza njia au ruhusa maalumu kwa ajili ya usalama. Kwa hiyo mlango uliofunguliwa kwa mkono mmoja ulirudishwa nusu kwa mkono wa pili. Nchi nyingi bado zataka ombi liandikwe mbele, na nambari ya ruhusa iandikwe katika taarifa ya safari.

Kuna kifungu kingine, cha 15, kinachotukumbusha hongo ya wazee. Kinakataza nchi kutoza ada kwa haki ya kupita tu. Kinachotozwa ni malipo ya kazi: wapimaji wa hali ya hewa, waongozaji wa angani, taa na kiwanja. Wenye misafara walinung'unika kwamba Ugogo wanalipishwa kupita njia. Wagogo nao walisema visima na amani ya njia ni mali yao. Shauri hilo la kale, mgeni alipe kwa nini, ndilo lililoamuliwa Chicago kwa maandishi.

Mwaka 1928 Lady Bailey, tangu kuiacha Misri, alipita karibu njia yote chini ya bendera moja, na neno la afisa mmoja lilitosha kumzuia au kumpitisha. Leo anayetoka Cairo kwenda Cape Town hupiga hodi kwa Sudan, Sudan Kusini, Uganda au Kenya, Tanzania, Zambia, Zimbabwe au Botswana, na Afrika Kusini. Wengine huona ni taabu. Sisi twaona ni haki: wenye nyumba ndio wanaoitikia hodi. Kazi ya msafiri ni kuanza mapema, na kuwa na njia ya pili. Vita vilipozuka Sudan Aprili 2023 na anga yake ikafungwa, marubani waliokuwa na njia moja tu katika karatasi zao walilazimika kuanza hesabu upya, wazunguke Sudan kwa upande wa mashariki au wa magharibi; na kila maili ya kuzunguka ni mafuta, na kila nchi mpya ni ruhusa mpya.

Wala hewa ya nyanda za juu haikubadilika. Uwanja wa Wilson wa Nairobi uko kadiri ya futi 5,500, na ule wa Addis Ababa futi 7,600. Eropleni ya mfanya biashara wa leo, yenye injini za jeti, bado huulizwa swali lile lile: mzigo huu, joto hili, urefu huu wa kiwanja, je, utaondoka? Jibu likiwa la mashaka, hupunguza mafuta na kutua njiani kuongeza, au hungoja usiku uingie na hewa ipoe.

Basi tukusanye maneno yetu. Mwenye kutaka kuvuka kutoka bara hata bara kwa eropleni yake aulize kwanza ruhusa, kisha mafuta, kisha kiwanja na joto lake, kisha afya, na mwisho aulize njia ya pili ikiwa ya kwanza imefungwa. Na msikiapo mlio wa eropleni ndogo ipitayo juu ya Tabora au Ndola, mkumbuke ya kuwa kabla haijaondoka watu wengi waliiandalia njia kwa kalamu, na kabla ya hao, wengine wengi walivunja vichuguu kwa jembe.